Kura ya Kompyuta na Kidole cha Mjomba

Mwezi wa Aprili 2020, katika hospitali moja ya eneo la kati la Uingereza ambako nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka kadhaa tangu nitoke Mombasa, niliitwa kwenye wodi ya wagonjwa wa Korona kwa sababu kulikuwa na mzee ambaye madaktari hawakuelewana naye. Walikuwa wamempigia simu mkalimani wa Kisomali, na mzee alikijua Kisomali, ila homa ilikuwa imemrudisha kwenye lugha ya nyumbani kwao. Nilipomtolea salamu kwa Kiswahili, nikiwa nimejifunika barakoa, ngao ya uso na aproni ya plastiki, alinitazama kwa muda, kisha akanijibu kwa Chimwini, lugha ya watu wa Barawa, mji wa pwani ya Somalia, ambayo mtu wa Mombasa akitulia huisikia kama sauti ya jamaa aliyeolewa mbali. Nusu ya maneno yake niliyaelewa, na nusu nyingine niliyakisia. Nikamwita baba, naye akaniita mwanangu, na hapo ndipo nilipoanza kumweleza kazi iliyonileta, kazi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimefundishwa wiki chache tu zilizotangulia.

Upasuaji usio wa dharura ulikuwa umesimamishwa, kwa hiyo sisi wa wodi ya upasuaji tulitawanywa palipohitajika mikono. Mimi nilipelekwa kusaidia utafiti ulioitwa RECOVERY, ulioongozwa na Peter Horby na Martin Landray wa Chuo Kikuu cha Oxford. Mgonjwa wa kwanza wa utafiti huo aliandikishwa tarehe 19 Machi 2020, siku 9 tu baada ya rasimu ya kwanza ya mpango wake kuandikwa, jambo ambalo katika hali ya kawaida huchukua miezi mingi na pengine mwaka. Swali lake lilikuwa fupi: kati ya dawa ambazo tayari ziko kwenye makabati ya hospitali, ipo yoyote inayopunguza vifo vya wagonjwa wa Korona waliolazwa? Dawa zilizoanza kupimwa zilikuwa pamoja na lopinavir na ritonavir, zinazotumiwa kwa VVU, haidroksiklorokwini, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, ya tangu miaka ya 1950. Fomu ya kumwandikisha mgonjwa ilikuwa fupi makusudi, kwa sababu waliobuni utafiti walijua kwamba muuguzi mwenye wagonjwa 12 na pumzi inayomrudia ndani ya barakoa hana saa nzima ya kujaza karatasi. Baada ya siku 28 tuliulizwa hasa mambo machache: yu hai, ameruhusiwa kwenda nyumbani, aliwekwa kwenye mashine ya kupumulia?

Kilichonitatiza kumweleza mzee kilikuwa namna mgonjwa anavyopata dawa. Nilimwambia kwamba hakuna daktari atakayemchagulia. Nikiisha kuingiza jina na umri wake, kompyuta itapiga kura, na kura hiyo inaweza kumpa dawa mojawapo au kumpa matibabu ya kawaida tu bila dawa ya ziada. Na waliopangwa kwenye matibabu ya kawaida walikuwa mara mbili ya waliopangwa kwenye kila dawa. Akauliza, kwa sauti iliyokatwa na mlio wa oksijeni, kama daktari mkuu naye hajui ni dawa ipi inayofaa. Nikamjibu kwamba hajui. Akafikiri, akasema maneno ambayo nadhani maana yake ilikuwa kwamba basi afadhali wapige kura kuliko wabahatishe, akatia kidole chake kwenye fomu kuonyesha mahali pa kutia sahihi.

Tangu siku hiyo nimewaeleza wagonjwa wengi, na wahudumu wenzangu pia, kuhusu kura, na sijapata maelezo mazuri kuliko yale ya mzee. Sisi tulikuwa tukibahatisha, tukaita kubahatisha kwetu uzoefu. Daktari humpa dawa mpya yule anayemhurumia zaidi, au aliye hoi zaidi, au kijana ambaye anaona bado ana nguvu ya kupona. Halafu baada ya mwezi anahesabu waliopona na waliokufa na kudhani amejifunza jambo kuhusu dawa, kumbe amejifunza kuhusu mazoea yake ya kuchagua. Kura huondoa mkono wa mchaguzi. Makundi mawili yakiwa makubwa vya kutosha, wazee, wenye kisukari, wanene, wenye bahati na wasio na bahati hugawanyika karibu sawa pande zote mbili, na tofauti kubwa inayobaki kati yao ni ile dawa.

Kura ya mzee ilitoka matibabu ya kawaida. Alikuwa akipata oksijeni kwa barakoa, alizungumza na watoto wake kwa simu ya video iliyoshikwa na mmoja wetu, na siku ya 12 akafariki. Nilijaza ile fomu fupi. Upande wa kwanza wa kisanduku ulisema yu hai, wa pili ulisema amefariki.

Wakati huohuo nyumbani Mombasa simu haikutulia. Ndugu zangu walikuwa wamesikia kwamba haidroksiklorokwini inatibu, na hilo halikuhitaji kutangazwa na rais yeyote, kwa kuwa klorokwini, ndugu yake wa karibu, ilikuwa dawa ya utoto wetu sote. Yeyote aliyekulia Pwani kabla haijaondolewa, kwa sababu vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, anakumbuka ule uchungu wake uliobaki ulimini hadi jioni na ule muwasho wa kujikuna usiku kucha. Dawa chungu namna ile, ambayo ilikuwa imetuvusha kwenye homa nyingi, ilikuwa na haki ya kuaminiwa. Hata mimi niliiamini. Mwezi wa Aprili nilimwandikisha dereva mmoja wa basi ambaye kura ilimpa haidroksiklorokwini, naye siku ya tano akaketi kitandani akaomba chai, na siku ya tisa akaenda nyumbani kwa miguu yake. Nilipokuwa nikifunga faili yake moyo wangu ulikuwa tayari umeshaandika matokeo ya utafiti.

Mwezi wa Mei mambo yakavurugika kutoka upande ambao hatukuutarajia. Jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyodai kwamba takwimu za wagonjwa wapatao 96,000 kutoka hospitali 671 za mabara sita zilionyesha kuwa haidroksiklorokwini inaongeza vifo. Majaribio kadhaa duniani yalisitishwa kwa muda. Kamati huru iliyokuwa ikilinda usalama wa wagonjwa wa RECOVERY ilifungua takwimu zetu, ikaona hakuna sababu ya kusimama, nasi tukaendelea. Makala ile ilikuja kuondolewa na jarida tarehe 4 Juni, baada ya watafiti kuhoji takwimu ambazo kampuni iliyozitoa ilishindwa kuzifungua zikaguliwe. Miongoni mwa mambo yaliyowashtua wahoji ni wingi wa rekodi za kielektroniki zilizodaiwa kutoka hospitali za Afrika. Nakiri nilicheka peke yangu niliposoma hilo. Mafunzo yangu niliyafanya katika hospitali ya umma ambako faili ya mgonjwa ilibebwa kwapani na jamaa yake, na ikisahauliwa ndani ya matatu, historia yote ya ugonjwa ilikwenda nayo hadi mwisho wa safari.

Siku moja baada ya makala kuondolewa, yaani tarehe 5 Juni, RECOVERY ilitangaza matokeo yake yenyewe kuhusu dawa hiyo. Katika hesabu ya mwisho, kati ya wagonjwa 1,561 waliopewa haidroksiklorokwini, asilimia 27 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya 3,155 waliopata matibabu ya kawaida walifariki asilimia 25. Hakukuwa na faida. Dereva wangu wa basi alikuwa mmoja wa wale ambao wangepona hata kama angepewa maji matupu, nami nilikuwa nimeishangilia dawa kwa kazi iliyofanywa na mwili wake.

Siku kumi na moja baadaye, tarehe 16 Juni, yalitoka matokeo ya deksamethasoni. Hapa ni lazima nieleze kwamba wengi wetu hatukuitarajia. Tangu mwanzo wa janga, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshauri steroidi zisitumiwe ovyo kwa wagonjwa hawa, kwa sababu ya yale yaliyoonekana katika SARS ya 2003 na MERS, magonjwa ya virusi vya jamaa ya Korona, na katika mafua makali, ambako kuna dalili kwamba steroidi huuchelewesha mwili kuviondoa virusi. Isitoshe ilikuwa dawa ya bei ndogo, isiyo na heshima. Nikiwa msichana Mombasa nilijua watu walioinunua kaunta ili wanenepe kabla ya harusi. Na sasa dawa hiyohiyo, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilikuwa, kwa hesabu zilizochapishwa mwezi uliofuata, imepunguza vifo vya wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia kutoka asilimia 41 hadi 29, na vya wale waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine kutoka asilimia 26 hadi 23. Siku hiyohiyo huduma ya afya ya taifa ikaanza kuielekeza itumike. Nilikuwa zamu ya mchana, na nakumbuka daktari mmoja akifungua kabati la dawa na kuitazama ile boksi kana kwamba mtu amemwambia mfagizi wa wodi ni mwana wa mfalme.

Baada ya mwezi mmoja na zaidi kidogo binti yake yule mzee wa Barawa alipiga simu wodini akaniomba. Alikuwa amesikia habari. Alizungumza Kiingereza cha watoto waliozaliwa huku, lakini swali lenyewe aliliuliza kwa Kiswahili alichojifunza kwa bibi yake, nadhani ili nisipate pa kujificha: "Dada, ile kompyuta ingemchagulia baba hiyo dawa, angekuwa hai?"

Sikuwa nimefundishwa jibu la swali hilo. Nilimwomba anipe dakika chache, nikaingia chumba cha kubadilishia nguo, nikaandika hesabu nyuma ya kijikaratasi, kisha nikampigia. Nilimwambia: tuwachukue wagonjwa 100 wanaofanana na baba yako, wote wako kwenye oksijeni ya barakoa. Bila dawa, 26 wanafariki na 74 wanapona. Wakipewa dawa, 23 wanafariki na 77 wanapona. Kwa hiyo kuna 74 ambao wangepona vyovyote vile, na kuna 23 ambao wangefariki hata wakipewa. Kuna watu 3 katikati, na hao ndio dawa inaowarudisha. Baba yako alikuwa mmoja wa wale 26, na hakuna mashine wala mwanadamu anayeweza kututazamia kama alikuwa katika wale 3 au katika wale 23. Alinyamaza muda mrefu. Akauliza kama baba yake alijua kwamba ni kura. Nikamwambia alijua, na nikamweleza alivyosema. Hapo akalia, na kilio hicho hakikuwa cha kunilaumu, ingawa kama angenilaumu nisingemshangaa.

Ni katika kuandika ile hesabu ndipo nilipotambua sehemu ya tatu ya matokeo ambayo vyombo vya habari viliipita haraka. Walikuwepo pia wagonjwa waliolazwa lakini hawakuhitaji oksijeni kabisa. Kati yao, waliopewa deksamethasoni walifariki karibu 18 katika kila 100, na wasiopewa walifariki 14. Tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba dawa iliwadhuru, lakini ilitosha kuonyesha kwamba kwao hakukuwa na faida ya kutegemea. Sababu yake, kwa kadiri watafiti wanavyoielewa, ni kwamba ugonjwa huu una vipindi viwili. Katika siku za mwanzo virusi ndivyo vinavyozaliana, na mwili unahitaji kinga yake yote ili kupambana navyo. Baadaye, kwa kawaida karibu na mwisho wa wiki ya kwanza au katika wiki ya pili, kwa baadhi ya watu kinga hiyo hukosa kipimo, ikavimbisha vifuko vya hewa vya mapafu na kuvijaza majimaji, na hapo mgonjwa huuawa zaidi na kujitetea kwake kuliko na kirusi. Steroidi huizuia kinga. Ukiizuia katika wiki ya pili kwa mtu anayekosa pumzi, umemwokoa. Ukiizuia siku ya tatu kwa mtu anayekohoa tu, umemnyang'anya panga wakati mwizi ndio kwanza anaingia mlangoni. Dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile, na kinachogeuza maana yake ni siku na pumzi.

Kwa sababu hiyo kupima oksijeni kukawa jambo la kufa na kupona, na hapo ndipo inapoingia habari ya Mjomba.

Katikati ya mwaka 2020 baadhi ya watu wa nyumbani walikuwa bado wanaamini kwamba ugonjwa huu ni wa Wazungu na wa Nairobi. Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 20,636 na vifo 341 hadi mwisho wa Julai, idadi ndogo kuliko ilivyohofiwa. Lakini watafiti wa Kilifi walikuwa wameipima damu ya wachangiaji 3,098 waliotoa damu kati ya Aprili na Juni, wakitafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili hubaki nazo baada ya kuambukizwa, na wakakadiria kwamba asilimia 4.3 ya watu nchini walikuwa tayari wamekutana na kirusi. Mombasa ndiyo iliyoongoza, kwa asilimia 8. Ugonjwa ulikuwa umepita barazani kwetu, ukakaa, ukanywa kahawa, na wengi hawakuutambua. Nilipoona takwimu hizo nilinunua vipimo viwili vya oksijeni vya kubana kidoleni, na safari za ndege zilipofunguliwa nikampa msafiri mmoja avipeleke: kimoja kwa Mama, kimoja kwa Mjomba, mstaafu wa bandari aliyekuwa akiishi Kisauni.

Mwezi wa Novemba, wakati wimbi la pili lilipokuwa likivuma, Mjomba aliugua. Siku ya nane, saa tatu usiku ya Mombasa, binamu yangu alinipigia akasema kipimo kinaonyesha 94, mara 93. Mwongozo tuliokuwa tukiutumia huku ulisema kwamba 95 na zaidi ni salama, 93 au 94 mgonjwa apate ushauri wa mhudumu wa afya, na 92 au chini yake aende hospitali mara moja. Mshauri nilikuwa mimi. Kafyu ilikuwa ikianza saa nne usiku hadi saa kumi alfajiri, na ingawa mgonjwa aliruhusiwa kupita, kupata gari la kukubali kutoka Kisauni saa hizo lilikuwa jambo la kubembeleza. Nilimwomba Mjomba azungumze nami. Alisema, "Nimechoka tu, mwanangu," akapumua, akaongeza, "usijitaabishe." Sikuyapa uzito mapumziko yale katikati ya maneno. Nilishika namba. Nikasema wasubiri hadi asubuhi, na kikishuka hadi 92 waondoke bila kungoja. Hakikushuka, asubuhi bado kilikuwa kinasoma 93, lakini Mjomba alikuwa hajibu anapoitwa. Walipofika hospitali wakampima kwa damu ya mshipa wa ateri, na oksijeni yake halisi ilikuwa chini sana kuliko kidole kilivyosema. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Mwezi mmoja baadaye, katikati ya Desemba, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya watafiti wa Michigan, Marekani. Walikuwa wamelinganisha vipimo vya kidoleni na vipimo vya damu ya ateri vilivyochukuliwa karibu wakati mmoja. Miongoni mwa wagonjwa ambao kidole kilisoma kati ya 92 na 96, karibu 12 katika kila Weusi 100 walikuwa na oksijeni halisi iliyo chini ya 88, yaani hatari tupu, ilhali kwa Weupe walikuwa chini ya 4 katika 100. Kipimo kile hupitisha mwanga mwekundu na mwanga usioonekana katika kidole na kukisia rangi ya damu, na weusi wa ngozi hunyonya sehemu ya mwanga huo. Jambo hilo halikuwa geni kabisa. Kuna tafiti ndogo za mwaka 1990 na 2005 zilizokuwa zimelionya. Mimi nilikuwa muuguzi mwenye leseni ya nchi mbili, nimebana vidole vya maelfu ya watu, pamoja na changu mwenyewe, na hakuna darasa lolote nililokaa ambalo liliniambia kwamba chombo hicho huwapendelea wenye ngozi nyeupe. Serikali ya Uingereza iliagiza uchunguzi huru kuhusu upendeleo katika vifaa vya tiba, ambao ripoti yake ilitoka Machi 2024 na kukubali kwamba tatizo ni la kweli.

Kwa miezi mingi nililala na swali lile lile la binti wa Barawa, ila sasa sikuwa na mtu wa kumwomba dakika chache. Kama ningesema waondoke usiku ule, Mjomba angekuwa hai? Nilijaribu kulijibu kama nilivyomjibu yeye, nikagundua kwamba hesabu inayomfariji mtu mwingine haimfariji anayeihesabu. Sijui kama kipimo kilikosea kwa ajili ya ngozi yake, au kwa ajili ya vidole vya baridi na damu isiyotembea vizuri, ambavyo navyo hukipotosha. Sijui kama hospitali ingekuwa na mtungi wa oksijeni uliojaa usiku ule. Utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa Mei 2021, ulikuta kwamba karibu nusu ya wagonjwa mahututi wa Korona walifariki ndani ya siku 30, idadi kubwa kuliko ya mabara mengine, na uhaba wa vifaa ulichangia. Mgonjwa mmoja si ushahidi kwamba dawa imefanya kazi; nililazimika kukubali kwamba si ushahidi pia wa kunihukumu au kuniachilia. Ninachojua ni kidogo zaidi ya hapo: nilisikia pumzi yake ikikatika katikati ya sentensi ya maneno manne, nikaiamini taa ndogo.

Kuhusu dawa nyingine nitapita haraka. Lopinavir haikusaidia. Azithromaisini, ambayo ni antibiotiki, haikusaidia, wala plazima, yaani majimaji ya damu, ya waliopona, ambayo watu walijipanga kuichangia kwa moyo wote. Tosilizumabu, dawa nyingine ya kutuliza kinga, ilisaidia baadhi ya wagonjwa mahututi, lakini kwa bei ambayo hospitali nyingi za kwetu zisingeimudu. Ivermectin, dawa ya minyoo ambayo nililetewa habari zake na kila jamaa mwenye simu, ilipimwa Brazili kwa wagonjwa zaidi ya 1,300 na haikupunguza kulazwa hospitalini.

Mwezi wa Agosti 2021, wakati Delta, aina mpya ya kirusi cha Korona, ilipokuwa Mombasa, Mama alianza kukohoa. Alikuwa amechanjwa dozi moja ya AstraZeneca; ya pili ilikuwa imechelewa, kwa sababu India, iliyokuwa ikitengeneza chanjo hizo, ilikuwa imezuia kuziuza nje. Nilijua kwamba dozi moja peke yake ilizuia dalili za Delta kwa takriban asilimia 30 tu, na mbili kwa asilimia 67. Siku ya tatu kaka yangu akanitumia picha ya kijikaratasi cha duka la dawa: deksamethasoni, azithromaisini, zinki. Nikampigia na kumwambia asimpe Mama ile ya kwanza.

"Si ndiyo dawa mnayowapa Wazungu?" aliniuliza. Nilimweleza vipindi viwili vya ugonjwa, na kwamba Mama ana kisukari na steroidi ingeipandisha sukari yake. Alisikiliza, kisha akasema kwa upole wa kuumiza: "Kwa Mjomba ulisema tusubiri."

Sikumjibu. Nilimwomba ampe simu mwanawe. Nikamwambia mpwa wangu asitazame kipimo kwanza, bali aweke mkono kidogo tu juu ya mto wa bibi yake, asimwambie anafanya nini, ahesabu kifua kikipanda kwa dakika nzima ya saa, si nusu dakika na kuzidisha. Akahesabu. "Kumi na nane, shangazi." Nikamwambia amwombe bibi yake asome Fatiha kwa sauti bila kukatiza, nami nikasikiliza mahali anapovuta pumzi. Tulikubaliana kwamba pumzi zikifika 24, au akishindwa kumaliza aya, waende hospitali hata kama kipimo kinasoma 97, hata kama ni katikati ya kafyu, na teksi nitailipa mimi. Kwa siku tisa mpwa wangu alihesabu asubuhi, adhuhuri na usiku, akaandika kwenye daftari la hesabu la shule. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa 22, siku ya saba, na usiku ule nilikaa na simu mkononi huku nikimwambia ahesabu tena, na tena, hadi Mama mwenyewe akauliza kwa hasira mtoto huyu anamtazama kifua kwa nini.

Mama alipona bila deksamethasoni. Kaka yangu, ambaye muda wote alikuwa akimfukiza kwa majani ya mkaratusi na kumnywesha tangawizi yenye asali, alinipigia Ijumaa moja akiwa mwenye furaha tele. "Unaona?" alisema. "Tangawizi." Nilikuwa na hotuba nzima tayari ulimini kuhusu kura, makundi mawili na watu 100. Nikakumbuka kwamba nami pia, moyoni, nilikuwa tayari nimejipa sifa ya kumponya kwa daftari la hesabu. Nikamwambia amtilie na ndimu.